Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Miguu! Wiki nzima mmenisumbua kwa ajili ya ile miguu. Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kwenye foleni ya maji, hata fundi wangu wa viatu ameniuliza huku sindano iko mdomoni: "Mwandishi, ile miguu chini ya pazia ni ya nani?" Nikamwambia shona, utasoma kama wenzako.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti, nakudokeza haraka kisha twende. Leo ni Jumamosi, siku ya mkutano mkuu maalumu wa SACCOS ya Jembe na Sururu, chama cha wakulima wa Shinyanga na wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo. Ajenda ya maana ni moja tu, kufunga tawi la Mwakitolyo. Na wanachama wa Mwakitolyo wenyewe hawakuambiwa. Hawakupata ujumbe kwenye simu, hawakusikia gari la matangazo. Kuna mtu kawaficha makusudi.

Asteria, anayeitwa Mama Nelly, amezipata habari juzi kwa bahati tu. Yeye ndiye aliyewaingiza wachimbaji wale kwenye chama. Ana karasha yake kule Mwakitolyo, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na aliwashawishi mmoja mmoja huku mawe yao yakisagwa. "Ingieni, jamani. Mkidhulumiwa, mimi mnajua ninapolala."

Tawi likifungwa leo, wale watu watarudi kwa matajiri wa dhahabu, wanaokukopesha unga leo ili kesho wanunue dhahabu yako kwa bei waitakayo wao. Na tapeli atakayetafutwa ni Asteria.

Basi akamtuma mumewe, Amosi, akodi lori awafuate wachimbaji Mwakitolyo waje kujitetea. Amosi ni mnunuzi wa dhahabu mdogo mdogo, mpole, mtu wa "sawa mke wangu". Yeye Asteria akaenda ofisini, mtaa wa Kambarage, kumkabili meneja, Valerian. Akamkuta anaongea na simu. Akasubiri kwenye korido, akasikia mtu anakohoa stoo. Akaingia. Pazia la kona lilikuwa linatikisika, na chini yake miguu miwili yenye ndala za bluu.

Haya, tumvute huyo mtu.

"Toka!" alisema Asteria.

Pazia likaacha kutikisika.

"Toka, au napiga yowe Kambarage nzima ije!"

"Shh! Mwanangu, nyamaza, nakuomba," sauti ikanong'ona.

Asteria akavuta pazia kwa nguvu mpaka kamba ikakatika.

Mama Bernadina! Mwenyekiti wa kamati ya usimamizi! Mama mtu mzima, mwenye heshima zake, amebanwa kati ya ndoo za rangi na viti vibovu, utando wa buibui umemkaa kichwani. Yule msomaji wa Ushetu aliyeweka dau la jogoo kwamba ni mwizi wa kompyuta, achinje jogoo wake sasa hivi.

"Shikamoo mama," Asteria akajikuta anasema. Hasira iko palepale, lakini adabu ni adabu.

"Marahaba. Ameshatoka?"

"Nani?"

"Huyo... huyo bwana wa Agnetha."

Bwana wa Agnetha ni nani? Ni meneja Valerian. Agnetha ni binti wa Mama Bernadina. Kwa hiyo meneja ni mkwe wa mwenyekiti wa kamati inayomsimamia. Hilo kila mwanachama alilijua, na siku ya uchaguzi watu walilipigia makofi, Asteria akiwa wa kwanza. Kwao Asteria, huko Rukwa, mama mkwe akikasirika, mkwe anatafuta pa kujificha. Akasema moyoni, safi kabisa, huyu meneja sasa amepata wa kumkaba koo.

"Kwa hiyo ndivyo mlivyopanga," alisema Asteria. "Mkweo yuko kule anaongea na simu, wewe uko huku unasikiliza kama kuna mtu anakuja. Mnaiuza Mwakitolyo pamoja!"

"Mayu wane, mama yangu! Mimi?" Mama Bernadina akashika kifua. "Mimi nilikuja kuchukua kiti cha mkutanoni. Nikasikia pikipiki yake. Korido ni moja, ningepitia wapi?"

"Ungepita tu."

"Nipite nikutane naye?"

"Ndiyo, ukutane naye! Si mkweo?"

Mama Bernadina akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyetukana kanisani.

Wasukuma mnaosoma hapa mmeshacheka, najua. Ninyi wengine niwafahamishe. Vijana wa mjini siku hizi wanapiga picha na mama mkwe, wanacheka naye, wanakula sahani moja. Lakini kwa Msukuma wa kale, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Akija kwa mbele, wewe unaingia vichakani. Hamli pamoja, hamkai chumba kimoja, na jina lake hulitaji. Si ugomvi hata kidogo, ni heshima, na mwenye kuivunja anajiona kavuliwa nguo. Mama Bernadina ni wa kale, na Valerian amelelewa na bibi yake huko vijijini. Wote wawili wanaishika sheria hiyo mpaka leo.

"Mama," alisema Asteria polepole, "hujawahi kukaa naye ukamuuliza jambo la chama?"

"Sijawahi."

"Hata mara moja?"

"Tangu amwoe Agnetha sijamwona uso. Nikikutana naye njiani leo namjua kwa viatu."

"Sasa unamsimamiaje?"

"Nina mtu. Swali langu namwambia Kalisti, Kalisti anampelekea."

"Na jibu?"

"Kalisti ananiletea."

Kalisti ni katibu wa bodi. Kijana mtanashati, shati limenyooka, maneno yamenyooka, "mama" kila baada ya neno la pili. Nyumba za heshima zinampenda mtu kama huyo.

Asteria akamsogelea. "Ulimuuliza mkweo kama watu wa Mwakitolyo wameambiwa kuhusu leo?"

"Nilimuuliza. Jibu likaja kwamba wote wameambiwa, gari la matangazo limepita mpaka kwenye maduara, huko wanakochimba."

"Hakuna gari lililopita, mama. Karasha yangu iko pale pale. Na hii ya kufunga tawi, ni wazo la nani?"

"La mkwe. Mimi halikunipendeza. Lakini ningembishiaje mkwe kupitia mdomo wa mtu mwingine? Ningemwaibisha. Nikasema basi, kama ameona hivyo."

"Aliyesema ni wazo la mkwe ni nani?"

Mama Bernadina akaanza kuondoa utando wa buibui kichwani, uzi mmoja mmoja.

"Na siku ya uchaguzi, mama, aliyeinuka kukupendekeza wewe alikuwa nani?"

"Kalisti," alisema Mama Bernadina.

Mlango wa stoo ukafunguka.

"Akina mama!" Kalisti alisimama pale, tabasamu limejaa. "Kumbe mko huku? Watu wameshajaa ukumbini. Mama, kiti nitakubebea mimi."

Alikuwa amesimama nyuma ya mlango tangu lini? Mimi sijui, na Asteria hakujua.

"Meneja yuko wapi?" Asteria aliuliza. "Nataka kuongea naye."

"Ameshatangulia. Utaongea naye mkutanoni, Mama Nelly, demokrasia ipo." Akachukua kiti. "Halafu pole, nasikia umetuma lori Mwakitolyo. Ile barabara mbaya."

"Nani kakwambia habari za lori?"

"Ah, mama! Shinyanga ndogo hii."

Akatangulia na kiti chake, anapiga mluzi. Asteria alibaki amesimama. Habari za lori walizijua watu wawili hapa mjini, yeye na mumewe. Mtu wa tatu alikuwa Magesa, kiongozi wa wachimbaji, na yeye yuko Mwakitolyo anasubiri na wenzake. Asteria akajiambia pengine ni mwenye lori aliyeropoka. Watu wa magari wana midomo.

Alipofika nje ya ukumbi akampigia Amosi.

"Baba Nelly, mmefika wapi?"

"Tumeshawachukua, mke wangu. Tuko njiani, hapa Solwa. Tumepata pancha, dereva anaziba."

"Fanyeni haraka! Wanaanza!"

"Usiwe na wasiwasi. Mimi nipo."

Nyuma ya sauti yake honi ya treni ikalia, ndefu, kisha simu ikakatika. Asteria akajaribu ya Magesa. Haipatikani. Hilo halikumshangaza, kwa sababu pale Mwakitolyo mtandao unaupata kwa kupanda juu ya rundo la mawe, na huko njiani ndiyo kabisa. Akazima wasiwasi, akaingia.

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, feni zake ni za kutazama tu. Wakulima walikuwa wameketi na kofia magotini, wafanyabiashara wa Kambarage wamejipanga mbele. Viti vya Mwakitolyo vilikuwa vitupu. Meza kuu alikaa mwenyekiti wa bodi, mzee Maige, anayependa mikutano iishe kabla ya chakula, na pembeni yake Kalisti, kisha meneja Valerian. Valerian alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama meza. Watu wakanong'onezana, mwizi haangalii watu! Kumbe maskini, alikuwa amesikia kwamba mama mkwe yumo ukumbini. Na mama mkwe mwenyewe alikaa nyuma kabisa, kiti kimegeuzwa, anatazama ukuta.

Hebu fikiria. Msimamizi anatazama ukuta, msimamiwa anatazama meza, na katikati yao yupo Kalisti anayemtazama kila mtu. Na watu wazima ukumbi mzima waliona hivyo mwaka baada ya mwaka, wakaita heshima.

"Akidi imetimia," alisema mzee Maige. "Katibu, endelea."

Kalisti akasimama. "Ndugu wanachama, sitawachosha. Tawi la Mwakitolyo limekuwa mzigo. Meneja ameshauri lifungwe. Kamati ya usimamizi imelitazama, imeridhia. Wanachama wa Mwakitolyo walialikwa, na kama mnavyoona, hawakuona umuhimu wa kuja. Tupige kura tukale."

Vidole vikaanza kuinuka. Watu wana njaa, na maneno yamenyooka.

"Subiri!" Asteria alisimama. "Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Mama Nelly, una karasha kule," alisema Kalisti kwa upole. "Una maslahi. Si vizuri."

Ukumbi ukacheka. Jasho likamtoka Asteria. Alitazama mlangoni, hakuna lori.

"Sawa, mimi nina maslahi," alisema. "Basi nisiulize mimi. Kamati ya usimamizi iulize. Mwenyekiti wake yupo, meneja yupo. Naomba Mama Bernadina amuulize meneja mwenyewe, hapa, mbele yetu, kama watu wa Mwakitolyo waliambiwa."

Hapo ukumbi ukawa kama mzinga uliopigwa jiwe. Wazee wa Kisukuma wakaguna. Mmoja akasimama na fimbo yake. "Binti! Hujui unachosema! Unataka mama wa watu avuliwe nguo hadharani?"

"Hakuna haja ya yote hayo," Kalisti akadakia haraka, haraka mno ukiniuliza mimi. "Utaratibu upo. Mama ana swali? Anipe mimi, nimfikishie meneja, nilete jibu. Kama siku zote."

Akaanza kutembea kuelekea nyuma, ameinama kwa adabu, mkono wa kulia kifuani.

"Leo hapana," alisema Mama Bernadina.

Alisema bila kugeuka. Kalisti akasimama katikati ya viti.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Kakae."

Mama Bernadina akainuka, bado anatazama ukuta. Akafungua kitenge alichojifunga mabegani, kipana, cha kijani chenye picha za jogoo. Alikuwa anaogopa, na hakuficha.

"Rebeka," alimwita fundi cherehani wa Kambarage aliyekaa karibu yake, "shika pembe hii. Asteria, shika ile. Nyoosheni."

Wakanyoosha. Kitenge kikawa ukuta katikati ya ukumbi. Mama Bernadina akakaa upande mmoja.

"Mwambieni mkwe aje akae upande wa pili."

"Mama, hii ni aibu!" yule mzee wa fimbo alilia.

"Baba, simwoni. Yeye hanioni. Mila nimeivunja wapi?" Kisha akaongeza, "Na kama kuna aibu, ni hii niliyokaa nayo, naitwa msimamizi na sijui kinachosimamiwa."

Valerian alitembea kutoka meza kuu kichwa kikiwa chini, mtu mzima, meneja mzima, jasho linamtoka kama mwanafunzi anayeitwa ofisini. Akakaa. Kati yao palikuwa na kitenge tu.

"Mkwe," alisema Mama Bernadina.

"Nakusikia, mama."

Jamani! Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu siku ya harusi. Rebeka akaanza kulia hapo hapo, kitenge kikacheza, Asteria akamkanyaga mguu.

"Mkwe, nilikuuliza kama Mwakitolyo wameambiwa kuhusu mkutano. Ukanijibu wote wameambiwa. Nani aliwaambia?"

"Mama, sikuulizwa swali hilo."

"Hukuulizwa?"

"Sikuulizwa. Niliambiwa kamati yako itawaarifu yenyewe, kwamba umesema mimi nisijihusishe. Nikaona mama amesema, mimi nani nibishe?"

Ukumbi ukaguna.

"Na kufunga tawi? Uliponipa ushauri lifungwe..."

"Mimi?" Valerian akasahau adabu, sauti ikapanda. "Mama, si wewe uliyeagiza? Niliambiwa mama mkwe amekasirika, hataki kusikia habari za wachimbaji, nikikataa utamrudisha Agnetha nyumbani! Nimelala na hilo neno miezi!"

"Nimrudishe Agnetha? Mwanangu mwenyewe nimvunjie nyumba yake?" Mama Bernadina alikuwa amesimama. "Nani alikwambia?"

Valerian hakuhitaji kumtaja. Kitenge kile kiliwazuia wao wawili kuonana, lakini hakikumzuia mtu yeyote ukumbini kugeuka kumtazama Kalisti.

Kalisti alikuwa ameshafika karibu na mlango.

"Mfungeni!" mtu alipaza sauti. "Funga mlango!"

Wakulima wawili wakasimama mlangoni, vifua mbele. Kalisti akageuka, tabasamu limebaki nusu. "Ndugu zangu, mjumbe hauawi!"

"Hauawi akifikisha alichotumwa," alisema Mama Bernadina kutoka nyuma ya kitenge. "Wewe swali langu ulilitupa njiani, ukambebea mkwe la kwako. Sasa sikilizeni wote. Mimi kwa kiti hiki mlichonipa nasema ajenda hii haipo. Mkutano ambao nusu ya wenye mali hawakuambiwa si mkutano. Mzee Maige, niambie kama masharti ya chama yanasema vingine."

Mzee Maige akakohoa. "Hayasemi vingine."

"Basi. Na kuanzia leo hakuna swali la kubebwa. Anayeuliza aulize kwa mdomo wake, anayejibu ajibu mbele ya watu, na matangazo ya Mwakitolyo yasomwe Mwakitolyo kwenyewe, pale kwenye maduara, wachimbaji wakiwa wametoka chini."

Makofi! Asteria alikuwa analia na kucheka, mikono imeshika kitenge, hawezi hata kujifuta. Tawi limepona. Jina lake limepona.

"Bado," alisema Mama Bernadina, na makofi yakafa. "Mimi nashuka kwenye kiti. Leo tumetumia kitenge. Kesho? Kila kikao mtashika kitenge? Tafuteni mtu anayeweza kumtazama meneja machoni."

"Mama Nelly!" ilikuwa sauti ya Rebeka.

"Mama Nelly!" wakulima wakaitikia. "Asteria! Asteria!" Hata yule mzee wa fimbo alikuwa anagonga sakafu.

Ndipo Kalisti akacheka.

Hakucheka kicheko cha kushindwa. Alicheka kama mtu anayejua kitu, akasubiri mpaka ukumbi ukanyamaza.

"Hongereni," alisema. "Mnamtoa asiyeweza kumuuliza mkwewe, mnamweka asiyewahi kumuuliza mumewe."

"Unasema nini?" Asteria aliuliza.

"Mimi mjumbe tu, mama. Nimekuwa mjumbe wa wengi. Jiulize, tawi la Mwakitolyo likifa, mimi nafaidika nini? Nanunua dhahabu mimi?"

Nje breki za bodaboda zikalia. Wale wakulima mlangoni wakasogea kidogo, na Amosi akaingia anahema, anajifuta uso kwa kitambaa.

"Samahani jamani," alisema. "Barabara ya Solwa! Pancha mbili. Lori liko nyuma linakuja. Mmeshapiga kura?"

Asteria alimtazama mumewe. Shati lake lilikuwa jeupe. Barabara ya Solwa wakati huu wa mwaka ni vumbi tupu, mtu anatoka huko nyusi zimekuwa nyekundu. Na shati la Amosi lilikuwa jeupe, na mkunjo wa pasi bado upo.

Simu ikaita mkononi mwake. Magesa.

"Mama Nelly!" Upepo ulikuwa unavuma, bila shaka yuko juu ya rundo la mawe. "Mama, tumekaa hapa kwenye karasha yako tangu alfajiri, wengine wameacha maduara yao. Lori liko wapi? Hatujaona lori, hatujamwona shemeji. Au na wewe umetuuza?"

Asteria akakata simu. Ile honi ya treni ikamrudia masikioni. Solwa hakuna reli. Reli iko hapa hapa mjini, na mtu anayeisikia namna ile amekaa jirani na stesheni.

Akakumbuka mengine, na kila alilokumbuka lilimuuma. Jioni zote Amosi akiuliza, "Wachimbaji wako wanasemaje, mke wangu?" naye akimsimulia kila kitu, nani anakopa, nani ameacha kuuza kwa tajiri gani. Hakuwahi kumuuliza hata siku moja kwamba yeye anauza wapi, kwa nani, na anamnunulia tajiri gani. Mume ni mume. Alimlaumu Mama Bernadina asubuhi ile stoo, kumbe na yeye alikuwa amesimama nyuma ya pazia lake.

Ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri. Amosi alikuwa anatabasamu bado, lakini kitambaa kilikuwa kimesimama shavuni.

Rebeka akamsogelea, akamnong'oneza kwa huruma kabisa, "Dada, tukushikie kitenge?"

"Hapana," alisema Asteria. "Kikunje."

Rebeka akakikunja. Asteria akapita katikati ya viti mpaka akasimama mbele ya mumewe, uso kwa uso, karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni kwenye lile shati. Alimpenda mtu huyu, na hilo ndilo lililofanya sauti yake ichelewe.

"Baba Nelly," alisema, mbele ya watu wote, "ulinijibu uko Solwa. Ulikuwa wapi?"

Amosi hakumtazama mkewe. Alimtazama Kalisti.